Mtani Aliyechukua Nyundo

Mwaija binti Abdulazizi hajafika Tabora hata siku moja. Kinyamwezi hakijui, hata neno la kuombea maji ya kunywa. Kazaliwa Bagamoyo, kaolewa Mapinga, na asali ya Unyamwezini anainunua kwa wachuuzi kama sisi sote, tena analalamika kwamba imechakachuliwa. Lakini simama barabarani pale Mapinga umuulize mtu yeyote kwa Mnyamwezi ni wapi, atakuonyesha kwa kidevu banda la vitumbua lenye bati lililoinama, na chini yake mama mmoja mnene, mcheshi, mwenye sauti ya kuamsha mtaa.

Chanzo ni babu wa babu yake. Huyo alikuja pwani na msafara, begani ana pembe ya ndovu, akaitua Bagamoyo, akamwona binti wa watu, akasema mzigo wa kurudi nao wautafutie mpagazi mwingine. Akasilimu, akaoa, akazaa, akazikwa huku huku. Damu imechanganyika mpaka basi, ila utani haukufa. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara hiyo, na mtani ni mtani, vipite vizazi vingapi. Akikutukana hukasiriki. Msiba ukikufika, yeye huja akavaa kanga za marehemu, akaigiza mwendo wake na kikohozi chake, nawe ukacheka na machozi yako usoni. Na chochote atakachokinyakua siku ya kuvunja tanga huwezi kumwita mwizi. Unakikomboa kwa masharti yake. Ukishindwa kukikomboa ni chake moja kwa moja, na wewe utachekwa Mapinga nzima mpaka siku ya kuzikwa kwako, na siku hiyo pia watani watawakumbusha waliosahau.

Kazi hiyo Mwaija anaiweza barabara. Amewahi kuondoka msibani na sufuria ya wali ikiwa bado inafuka moshi. Amewahi kuondoka na kiatu cha mwenyekiti wa kitongoji, kimoja tu, mwenyekiti akarudi kwake akichechemea na watoto nyuma wakimhesabia hatua. Watu humgombania. Msiba usiokuwa na Mwaija, wanasema, umepooza.

Kazi yake nyingine haina kicheko. Yumo katika kamati ya kijiji ya kulinda watoto, na aliyemtia humo si mtu, ni chumvi. Alikuwa darasa la tatu baba yake alipofariki. Mama yake akaenda kufanya kazi kwenye mashamba ya chumvi, na Mwaija, aliyekuwa mkubwa wa watoto, akaenda naye. Ilisemwa ni mpaka mfungo upite. Mfungo ukapita, na mingine ikapita, na shule hakuiona tena. Chumvi inakula miguu, jamani, asikudanganye mtu. Mpaka leo nyayo zake zina mipasuko ambayo hakuna mafuta yaliyoiziba, na ujumbe wa simu anausoma kwa kutafuna silabi moja moja huku akijifanya anatafuta miwani. Jambo hilo linamuuma kuliko anavyosema.

Mradi wa kuwatoa watoto makazini ulipofika Mapinga na kuuliza nani atazungumza na wazazi, watu walimtaja Mwaija kwa sababu ya mdomo wake, na mdomo ukafanya kazi. Shuleni pakaanza kupikwa uji. Akina mama wakaunda kikundi cha hisa, wakawa wanakopeshana. Mzazi aliyemtoa mtoto kwenye kokoto, au kwenye kutembeza karanga barabarani, au kwenye kazi za ndani za watu wa mjini, alitafutiwa namna ya kuziba pengo la yule mtoto, maana pengo lipo, na anayesema halipo hajawahi kulala njaa. Wengine walipewa kuku, wengine cherehani, wengine mtaji wa kuuza samaki wa kukaanga. Watoto wakarudi darasani mmoja mmoja.

Nyumba moja tu iligoma, na nyumba hiyo ilikuwa ya Mzee Mwinyijuma.

Mwinyijuma ni Mzaramo wa asili ya pale. Alikuwa na shamba la mikorosho lililoanzia barabarani mpaka lisikoonekana. Watu wa Dar walipoanza kutafuta viwanja akauza kipande, akauza kingine, fedha zikaenda kwenye matibabu ya mkewe, ambaye alifariki hata hivyo. Akabaki na nyumba na ukanda mmoja wa mawe ya matumbawe ambao hakuna aliyeutaka. Basi akaanza kuyapasua, akawa anauza kokoto kwa hao hao wanaojenga. Kokoto zake zinamwagwa kwenye misingi ya nyumba zilizosimama palipokuwa na mikorosho yake. Yeye hilo halisemi, na wewe ukimtembelea usilitaje.

Anaishi na mjukuu wake Adila, binti wa binti yake. Mama wa mtoto alikwenda Muscat kufanya kazi, mwanzoni akawa anatuma alichokipata, baadaye simu zikapungua. Adila alianza kwa kumpa babu mawe madogo. Halafu akaanza kuyapasua mwenyewe. Mgongo wa mzee ulivyozidi kukataa, mikono ya mtoto ndiyo ikawa inajaza ndoo. Mwaka ninaousimulia alikuwa na miaka kumi na mitatu, yuko darasa la saba, na shuleni anaonekana wiki siku mbili, wiki siku moja. Mwalimu wake alimwambia Mwaija waziwazi kwamba mtoto ana akili lakini akiendelea hivyo mtihani wa Septemba utamtupa nje. Na binti anayetupwa nje na mtihani huo, mwenye babu mgonjwa wa mgongo na rundo la mawe mlangoni, hahitaji kutabiriwa. Mwaija alimwona Adila wa baadaye, ana miaka hamsini, amekaa juu ya gunia, akiusoma ujumbe wa simu silabi moja moja.

Sasa usije ukamdhania Mwinyijuma ni mtu katili. Hajawahi kumpiga yule mtoto. Anampikia uji mwenyewe alfajiri, na Idi ikifika Adila anavaa gauni jipya hata kama kofia ya babu imetoboka. Kilichoharibu ni kibao.

Kijana wa mradi, Mikdad, alikuwa na tabia ya kuzipa nyumba zilizokubali kibao cha kupigilia ukutani, kilichoandikwa kwamba familia hii imesema hapana kwa ajira ya watoto. Nyumba nyingine zilifurahi, zikapiga na picha. Akaja nacho kwa Mwinyijuma kabla hata mzee hajakubali, ati kumtia moyo, akashuka kwenye gari na kamera shingoni. Mwinyijuma alikisoma kibao kwa sauti, neno kwa neno, akauliza, "Na wapita njia watakisoma?"

"Ndiyo, mzee, ndilo lengo lenyewe," alijibu Mikdad kwa furaha.

Mzee akaingia ndani akafunga mlango, na mlango huo haukufunguka tena kwa neno lolote lenye mradi ndani yake. Alichomwambia Mwaija baadaye ni hiki: "Nikipokea kuku wenu, nimekiri kwamba nilikuwa namtumikisha damu yangu. Mjukuu kumsaidia babu yake, tangu lini ikaitwa ajira?" Mwalimu alijaribu, hakupata kitu. Mwenyekiti wa kitongoji alitishia sheria, mzee akanyoosha mikono yote miwili afungwe, na nani angemfunga mtu wa umri ule?

Mwaija alimkalisha Mikdad kwenye banda lake akampa kitumbua cha moto na maneno ya moto zaidi. "Mwanangu, aibu ya maiti aijuaye mwosha. Wewe umetaka kuipigilia msumari ukutani." Kijana hakubisha. Alisema alikosea, akauliza atengeneze vipi, na Mwaija akalazimika kukiri kwamba hata yeye hajui.

Ndipo Julai akafariki Bi Biubwa, dada mkubwa wa Mwinyijuma, kwa uzee, kitandani kwake, shahada mdomoni. Tanga likawekwa kwa mdogo wake. Siku ya kuvunja tanga, hitima imeshasomwa na watu wameshakula, Mwaija akatokea mlangoni amevaa kanga za marehemu na miwani yake iliyofungwa kwa uzi, mkongojo mkononi, akaanza kumfokea Mwinyijuma kama dada yake alivyozoea kumfokea tangu wakiwa watoto. "Mwinyijuma, umekula? Mwinyijuma, hilo shati umeliokota wapi? Mwinyijuma, mimi nikifa nani atakuuliza?" Watu walikuwa wameshika mbavu. Mwinyijuma naye alicheka, huku machozi yanamteremka wala hayafuti, na nafikiri kilikuwa kicheko chake cha kwanza mwaka ule.

Kilichobaki ni kuchukua kitu. Mwaija alikuwa ameshapanga kuondoka na sufuria kubwa, hana mengine moyoni. Akasogea kwenye mtungi kunywa maji, na aliyempa kata alikuwa Adila. Kidole gumba cha mtoto kilikuwa na ukucha mweusi tii, umekufa, umeanza kung'oka. Mtoto alipoona anatazamwa akakikunja kidole ndani ya kiganja, akasema, "Hakiumi, Bi Mwaija." Mwaija akanywa maji yake, akarudisha kata, akazunguka nyuma ya nyumba kwenye rundo la mawe. Palikuwa na nyundo mbili. Akachukua ndogo.

Alipotokea nayo mbele za watu, kicheko kilianza upya.

"Mnyamwezi," alisema Mwinyijuma, akiwa bado anajifuta, "mwaka huu pembe za kubeba zimekosekana, ukaona uondoke na chuma?"

"Chuma kimenipenda. Kikomboe."

"Taja."

"Jogoo na kibaba cha mchele." Watu wakaguna, maana ilikuwa bei ya kawaida kabisa. Mwaija akaongeza, "Lakini si leo. Nyundo hii siiachii mpaka mtihani wa darasa la saba uishe. Kabla ya hapo hata ulete ng'ombe, utarudi naye."

Kicheko kikashuka kidogo kidogo kama moto uliokosa kuni. Hapakuwa na aliyetaja mradi, wala ajira, wala sheria, na hapakuwa na asiyeelewa. Mwinyijuma aliitazama nyundo, akamtazama Adila aliyesimama na kata yake. Akikasirika, amemkasirikia mtani wake kwenye tanga la dada yake wa tumbo moja, na jambo hilo kwa Mzaramo halipo.

"Sawa," alisema mzee. "Nimekubali. Lakini nyundo yangu hailali njaa. Mpagazi akitwaa mzigo, anaubeba. Kesho ukimaliza vitumbua vyako, uje uponde."

Uwanja mzima ulipasuka kwa kicheko. Wazee walijipiga mapaja, wanawake wakapiga vigelegele katikati ya msiba. Mwaija alinaswa, na alijua amenaswa. Alikuwa amefikiria kila kitu isipokuwa kwamba Mzaramo naye ana mdomo.

Basi akaenda. Akaenda kesho yake, na siku iliyofuata, na siku zote za juma. Alfajiri anakaanga vitumbua, jua likipanda anafunika karai, anakwenda kukaa kwenye gunia la Adila chini ya kipande cha turubai, anaponda mpaka adhuhuri. Vumbi la matumbawe lilimpaka kope zikawa nyeupe. Nyundo ile ilimtesa kuliko mawe, kwa sababu mpini wake ulikuwa mfupi. Ngumi ya mtu mzima iliujaza wote, na pigo likienda upande kidogo, vidole ndivyo vilivyofika kwenye jiwe kabla ya chuma. Mumewe Abdulrazak, fundi baiskeli, mtu wa maneno machache, alimpaka mafuta ya nazi jioni akasema hajawahi kuona kamati inayolipa wajumbe wake kwa malengelenge.

Na Adila akawa anakwenda shule, kila siku. Asubuhi za kwanza alipita pale na sare yake akiangalia chini, akiona haya kumwona mtu mzima amekalia gunia lake.

"Shikamoo, Bi Mwaija."

"Marahaba. Pita upesi, usinisemeshe, nitakosa shabaha."

Jioni alirudi na maswali ya hesabu, akayafanya mlangoni kwa sauti, babu na Mwaija wakajifanya hawasikilizi. Mwalimu alikuwa amewawekea darasa la saba masomo ya ziada, na Adila hakukosa hata moja.

Mwaija na Mwinyijuma walichokozana siku nzima. Mzee alisema kokoto za Mnyamwezi ni kubwa kama viazi, mteja atadhani anauziwa mbatata. Mwaija alisema Mzaramo aliuza shamba akabakiza mawe, na hiyo ndiyo akili ya kabila zima. Mtu mwingine angelisema neno hilo, pangechimbika. Mzee alicheka mpaka akakohoa.

Kisha ikaja siku mpini wa nyundo kubwa ulipovunjika. Mwinyijuma alikuwa na jiwe katikati ya kazi, hakutaka kuliacha, akanyoosha mkono akasema, "Hebu nipe hiyo." Mwaija akampa nyundo ndogo. Mzee akapiga mara moja. Akapiga tena, na vidole vyake vikagonga jiwe, akavuta pumzi kwa meno. Hakupiga tena. Akaigeuza nyundo, akawa anautazama mpini.

"Huu niliukata mimi," alisema. "Alikuwa na miaka tisa. Nyundo ilikuwa inamlemea, nikaupima mpini kwenye mkono wake, nikaukata, nikaupiga msasa usimchome. Nikaona nimemfanyia wema."

Mwaija akaitua chini kokoto aliyokuwa ameishika. Halafu akasema, taratibu, si kwa sauti yake ya bandani.

"Mama yangu alinishonea mfuko wa kubebea chumvi. Wa watu wazima ulikuwa mkubwa, ukinivuta nyuma. Akanishonea mdogo, wa saizi yangu, na mkanda akautia kitambaa laini begani. Nilifurahi, Mzee Mwinyijuma. Nilimpenda mama yangu kwa ule mfuko. Na shule sikurudi."

"Hukumwambia?"

"Nimwambie nini? Alikuwa mama yangu."

Mzee akairudisha nyundo juu ya gunia, akaenda kutia udhu ingawa adhana ilikuwa bado. Mwaija alibaki peke yake na mawe, akalia kidogo, akajifuta kwa ncha ya kanga, vumbi na machozi vikawa udongo.

Usidhani mzee alibadilika siku ile. Kesho yake Mwaija alimkuta na lawama zake za viazi kama kawaida. Wala Mwaija hakulirudia tena jambo hilo. Ila aliona kitu kingine. Nyuma ya nyumba, kwenye makopo ya rangi na mifuko ya nailoni, Mwinyijuma alikuwa amejiotesha miche: mikorosho, milimao, mipapai, hata mikomamanga. Hakuwa na mpango nayo. Mkono wa mkulima haukai bure, basi. Wenye nyumba mpya za jirani walikuwa wanasimamisha magari yao kuuliza kama inauzwa, naye anawajibu kwamba ni michache, maji hana, ya kumwagilia mingi atayatoa wapi.

Mwaija akampigia simu Mikdad. Alimwambia mzee anahitaji tangi la maji na mifuko ya miche, na kwamba vitu hivyo vitapitia kikundi cha hisa kama vya mwanachama mwingine yeyote, bila kibao, bila kamera, bila gari lenye michoro.

"Bi Mwaija, wafadhili wanataka picha," alisema Mikdad.

"Wapige picha miche."

Kijana akacheka, halafu akasema atajua la kuwaambia. Si mbaya yule kijana. Alikuwa hajui tu kwamba huku mtu anaweza kulala na njaa, akaamka, akakusalimia vizuri.

Tangi likafika kwenye kikundi. Mwaija akamwambia mzee, huku akiponda, kana kwamba anazungumzia mawingu, kwamba lipo, na anayelitaka ataje mwenyewe kwa mdomo wake. Mwinyijuma akasema, "Tutaona." Ukiwa na ujuzi wa wazee wa kule, utajua kwamba tutaona inaweza kuwa ndiyo, inaweza kuwa hapana, na inaweza kuwa nimekusikia, nyamaza.

Septemba ikafika. Adila akafanya mtihani, siku zote mbili, akarudi ana wino kwenye vidole na usingizi machoni. Alisema hesabu zilikuwa za kawaida. Majirani wakamshangilia, na Mwaija akashangilia nao, lakini jicho lake lilikuwa kwenye rundo la mawe. Sasa nyundo imefika siku yake. Matokeo huchukua muda, na muda huo mtoto yuko nyumbani mchana kutwa, mawe yako mlangoni, mteja anapiga honi. Mwaija anawajua watoto waliorudi kwenye kokoto kusubiri matokeo, matokeo yakaja mazuri, na wao wakawa hawatoki tena, kwa sababu nyumba ilishazoea mikono yao. Mzee akija na jogoo na kibaba cha mchele, nyundo ni yake na atampa amtakaye. Na mtani anayekataa kuachia kilichokombolewa, au anayesema kimepotea, ameua utani wenyewe. Hapo hakuna atakayemwamini tena mlangoni kwake, si msibani, si kwenye kamati.

"Akileta jogoo utafanyaje?" aliuliza Abdulrazak usiku ule.

"Nitampa nyundo yake."

"Na mtoto?"

Mwaija akageukia ukutani, akajivuta shuka.

Asubuhi banda lilijaa kuliko siku zote, maana Mapinga ilikuwa inajua leo ni leo. Watu walinunua kitumbua kimoja wakakitafuna nusu saa. Nyundo ilikuwa mezani, karibu na ndoo ya unga wa mchele. Mwinyijuma akatokea upande wa msikitini, amevaa kanzu iliyopigwa pasi, na Adila nyuma yake. Mwaija alimtazama mikononi kabla ya kumtazama usoni. Hakuwa na jogoo. Hakuwa na mchele.

"Shikamoo, Mzee Mwinyijuma."

"Marahaba, Mnyamwezi."

"Mkono mtupu haulambwi," alisema Mwaija, kwa sababu ndivyo mtani anavyopaswa kusema. "Jogoo yuko wapi?"

"Yuko nyumbani. Ameniamsha alfajiri."

"Na mchele?"

"Umejaa kwenye debe."

"Sasa?"

"Sikomboi," alisema Mwinyijuma.

Mtu mmoja alianza kucheka, akaona wenzake hawacheki, akaacha. Mzee wa rika lake aliyekaa kwenye benchi alimvuta kanzu, akamnong'oneza kwamba jogoo atampa yeye kama tatizo ni jogoo. Mwinyijuma akautoa mkono wake taratibu.

"Umeshindwa?" aliuliza Mwaija. Sauti yake ilikuwa ndogo, na swali lenyewe lazima liulizwe.

"Nimeshindwa. Nyundo ni yako, na watoto wako, na wajukuu wako. Kwangu hairudi." Akawageukia watu, akasimama sawasawa na mgongo wake ule. "Na nyinyi mmesikia. Mwinyijuma kashindwa kukomboa nyundo kwa Mnyamwezi."

Jogoo alikuwa naye. Mchele alikuwa nao. Kila mtu pale bandani alilijua hilo, na kila mtu alijua mzee anajitwisha nini: kwamba kuanzia asubuhi ile mpaka siku watakapomfukia, hatapita mahali bila mtoto wa mtu kumwuliza habari ya nyundo. Ukubwa ni jaa, walisema wahenga, na yeye alikuwa amelikubali jaa lake mwenyewe, mchana, mbele ya watu, ili lile neno jingine, la kumtumikisha mtoto, lisije likasemwa.

"Na lile tangi," aliongeza akimwinamia Mwaija kidogo, "kama bado lipo."

"Lipo," alisema Mwaija.

Alishika ukingo wa meza, macho yamemjaa, na watu wakimsubiri, kwa sababu mtani aliyeshinda ana wajibu wake. Mwinyijuma akamkazia macho.

"Tangaza," alimwambia. "Mtani gani wewe? Au unataka nijitangaze mwenyewe?"

Mwaija akajifunga kanga kiunoni. Akachukua nyundo kwa mkono mmoja na kifuniko cha sufuria kwa mkono mwingine, akatoka barabarani akikigonga, akaanza kuwatangazia wenye maduka, na waendesha bodaboda, na wajenzi waliokuwa juu ya kuta, kwamba Wazaramo wameisha, kwamba mzee mzima na kanzu yake kashindwa na kipande cha chuma, kwamba mwenye jogoo wa kumkopesha ampelekee haraka kabla hajalia. Sauti ilimkatika mara mbili, akaikokota, akaendelea. Watoto wakamfuata nyuma, mtaa mzima ukawa kicheko.

Adila alikuwa amesimama kando ya babu yake mbele ya banda. Alijizuia kwanza, akauma midomo, akamtazama mzee pembeni kuona kama ni vibaya. Halafu Mwaija akapita tena akichechemea na kuinama kama Mwinyijuma, mkono mmoja kiunoni, akiipumulia nyundo kama mtu anayepoza uji, na mtoto akashindwa. Alicheka kwa sauti, akainama, akashika magoti, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Babu yake akamwangalia akimcheka, akamwacha acheke.